Hivi hawa wa bima wenye matawi ni kampuni au ni kufa na kuzikana? Nimetoka kula pankeki nikarudi na maswali

#1 Nyanya_Chungu
Wakuu salamu. Niko Nebraska mwaka wa sita sasa na kuna jambo limenikaa kichwani toka Jumamosi, wenye uelewa mnifungue.

Jirani yangu mzee wa Kizungu wa miaka sabini na kitu aliniambia njoo na watoto ukumbi wa kanisa asubuhi tunakula pankeki, tiketi dola 8, watoto bure. Nikajua ni shughuli ya kanisa. Kufika nakuta bango la chama cha bima (jina naliacha), na wanaogeuza pankeki ni wazee wenzake na wake zao wamejifunga aproni, wanajiita tawi namba fulani. Kumbe hela yote inakwenda kwa familia moja ya Wakongo waliotokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, mtoto wao ni mgonjwa. Hiyo familia siyo wanachama na haijawahi kuchangia hata senti pale. Mwisho akasimama mama mmoja akasema zimepatikana dola 1,900 na makao makuu wataongeza nyingine 1,900 juu yake. Watu makofi, mie machozi.

Halafu sasa, baada ya kufuta meza wakakaa kikao cha dakika 20 kuchagua nani awawakilishe mkutano mkuu, kwa kunyoosha mikono kama mkutano wa kijiji. Nikamuuliza mzee unaenda kufanya nini huko, akanijibu kuchagua viongozi na kupitisha mabadiliko ya katiba. Katiba ya kampuni ya bima jamani?

Kwa hiyo swali langu ni hiki kitu ni kitu gani, na kwa nini watoe hela kwa mtu asiye wao? Sisi kwetu Mwanza kwenye kuzikana kama hujachanga miezi mitatu hata turubai hupewi.

#2 Dereva_wa_Semi
Dada yangu wanatafuta wateja tu. Kesho kutwa mzee atakugongea mlango na fomu.

#3 Mhasibu_Mbishi
Dereva umekimbia mno. Hawa kisheria si kampuni ya kawaida, ni vyama vya kindugu vya kusaidiana. Sheria ya kodi ya Marekani imewapa kifungu chao, 501(c)(8), na inataka mambo mawili makubwa: chama kiendeshwe kwa matawi, siyo ofisi moja tu inayouza bima, na kiwe kinalipa mafao ya kifo, ugonjwa au ajali kwa wanachama na wategemezi wao. Ukitimiza hayo unasamehewa kodi ya mapato ya serikali kuu, wakati kampuni ya bima ya kawaida inalipa.

Sasa kaa na hilo akilini. Una msamaha wa kodi, kampuni zinazolipa zinakuangalia kwa jicho baya, na kila baada ya muda anatokea mtu bungeni anauliza hawa wana tofauti gani na wengine. Lazima uwe na la kuonyesha. Pankeki ndiyo jibu lao. Sisemi ni unafiki, nasema chanzo kipo kwenye sheria.

#4 BibiWaKibarazani
Mhasibu mwanangu umeanza na kodi wakati haya mambo yameanza na mjane.

Niko Maryland, parokia yetu ina tawi la Knights of Columbus, chama cha kindugu cha wanaume Wakatoliki, kwa hiyo hii habari nimeisikia mara nyingi na kila mara inanigusa. Kulikuwa na padri kijana Michael McGivney, New Haven, jimbo la Connecticut. Baba yake alifariki 1873 yeye akiwa seminarini, mtoto wa kwanza, nyuma yake wadogo wamejaa nyumba, ikabidi arudi nyumbani, masomo ameyamaliza baadaye kwa msaada wa askofu. Kwa hiyo alipopata upadri na kuona familia za wahamiaji wa Ireland baba akifa kiwandani basi nyumba inasambaratika, watoto wanataka kugawanywa kwa watu, yeye hakuhadithiwa, alikuwa ameyapitia. Oktoba 1881 akawakusanya wanaume chini ya kanisa la St. Mary's, na Machi 1882 serikali ya jimbo la Connecticut ikakisajili chama. Ndiyo walioanza hii habari ya bima ya udugu. Leo wana wanachama zaidi ya milioni mbili, mkutano wao mkuu ni kila mwaka mwezi wa nane. Mwenyewe alikufa 1890 akiwa na miaka 38 tu, na 31 Oktoba 2020 Kanisa likamtangaza Mwenyeheri.

Mwaka wetu wa kwanza hapa, Desemba, mjukuu wangu alipewa koti jipya kabisa na tawi lile. Hakuna aliyemuuliza dini. Sisi tulikuwa hatujui hata baridi ya hapa inakujaje. Hilo koti lilikuwa la buluu, mpaka leo sijaligawa.

#5 Kinyozi_Mstaafu
Bibi shikamoo. Nakusahihisha kidogo kwa heshima zote, Knights hawakuwa wa kwanza kwenye bima ya namna hii. Kabla yao kulikuwa na Ancient Order of United Workmen, kilianzishwa Meadville, Pennsylvania, mwaka 1868 na fundi wa reli anaitwa John Jordan Upchurch. Utaratibu wao ulikuwa rahisi mno: mwenzenu akifa kila mwanachama anatoa dola moja, zinakusanywa anapewa mjane. Basi. Vyama vingine vingi viliiga hapo.

Ukiangalia vizuri Nyanya_Chungu, hiyo dola moja ndiyo rambirambi yetu ileile. Tofauti ni kwamba wao waliandika.

#6 BibiWaKibarazani
Marahaba baba. Asante, nimejifunza.

#7 Wuod_Nam
Kinyozi amegusa kidonda. Mimi Mkenya, niko Minnesota. Tulikuwa na welfare yetu ya watu kama 180, mtu akifiwa kila mmoja anatoa dola 50 ndani ya siku saba. Miaka kumi ya kwanza ilienda poa sana kwa sababu sote tulikuwa vijana, misiba miwili kwa mwaka, mitatu ikizidi. Kusafirisha mwili mpaka Nairobi halafu gari hadi Siaya si mchezo, lakini tuliweza.

Halafu umri ukaingia. Wazazi tuliowaleta wakaanza kuondoka, na sisi wenyewe pressure, sukari. Mwaka mmoja tulichanga mara tisa. Vijana waliozaliwa hapa wakasema hii ni nini, mbona natoa dola 450 kwa watu nisiowajua, wakatoka kimyakimya. Waliobaki ni wazee, na wazee ndio wanaokufa. Mwisho mweka hazina akawa anapiga simu hazipokelewi. Tulipomzika mwenyekiti wetu mwenyewe tulichangisha kwa harambee ya mtandaoni kama watu ambao hawajawahi kuwa na chama. Niliumia sana siku hiyo na bado naumia.

#8 Mhasibu_Mbishi
Wuod_Nam pole sana kaka. Na ulichoandika ndicho kilichovikuta vyama vya Wamarekani neno kwa neno. Ile dola moja kwa kila kifo inapendeza chama kikiwa kichanga. Chukua kikundi cha watu 200, dola 50 kila msiba: kifo kimoja kwa mwaka unatoa 50, vifo sita unatoa 300, na kijana wa miaka 25 analipa sawasawa na mzee wa 68 ambaye yuko karibu zaidi na kaburi. Kijana akipiga hesabu anaondoka, akiondoka mzigo wa waliobaki unaongezeka, na anayefuata anaondoka haraka zaidi. Vyama vingi vilikufa hivyo.

Waliopona ni waliokubali kubadilika. Mwaka 1886 waliunda umoja wao, National Fraternal Congress, na mwishoni mwa karne ile wakawa wanasukuma habari ya majedwali ya vifo, yaani unalipa kulingana na umri ulioingia nao, na ziada inawekwa akiba badala ya kusubiri mtu afe ndiyo mzunguke na kofia. Kupandisha michango ya wazee ilikuwa vita. Na hiyo vita ilipiganwa wapi? Kwenye mikutano mikuu. Kwa hiyo Nyanya_Chungu unaposhangaa mzee anaenda kupiga kura ya katiba, kuna wakati kura hizo ndizo zilikuwa zinaamua chama kiishi au kife.

#9 Dereva_wa_Semi
Sawa wasomi ila mimi narudi palepale. Hapo Omaha nimepita mara mia na tela langu, lile jengo refu la Woodmen, nao ni chama cha bima cha namna hiihii. Jamaa anaitwa Root alianzisha 1883 hapo Omaha na leo wana ghorofa 30. Ghorofa haijengwi kwa pankeki. Msaada ni tangazo.

#10 Mti_Mkavu
Dereva umechanganya Woodmen wawili, na wengi wanachanganya. Joseph Cullen Root alianzisha Modern Woodmen of America mwaka 1883 mji wa Lyons, Iowa, wale makao yao yako Rock Island, Illinois mpaka leo. Ukatokea mgogoro mkubwa wa uongozi akatolewa, akaenda Omaha akaanzisha Woodmen of the World mwaka 1890. Ghorofa unayoiona ni ya hao wa pili, siku hizi wanajiita WoodmenLife. Jina la wakata miti alilipata kwenye mahubiri, mhubiri alisema habari ya wakata miti wanaofyeka msitu ili familia zao zipate pa kujenga.

Mimi nafanya kazi ya kukata majani makaburini, majimbo haya ya kati, na kuna kitu nataka mkione siku mkipita makaburi ya zamani. Kuna mawe ya kaburi yamechongwa kama kisiki cha mti, gome linaonekana, na shoka na nyundo. Hao ni Woodmen. Zamani ukiwa mwanachama wa hao wa Omaha jiwe la kaburi lilikuwa ndani ya mafao yako, hawakutaka mwenzao alale pasipo na alama. Wameandika Kilatini Dum Tacet Clamat, maana yake ingawa amenyamaza, anasema. Mara ya kwanza nilipoambiwa maana yake nilizima mashine nikakaa chini. Babu yangu mzaa baba kaburi lake Songea hatulijui lilipo.

Na hao wa Rock Island, kifua kikuu kilipokuwa kinaua watu walijenga hospitali ya wagonjwa Colorado Springs, ikafanya kazi 1909 mpaka 1947, mgonjwa mmoja hema moja ili apate hewa safi. Wanachama walitibiwa bure. Tangazo gani hilo la miaka 38?

#11 Mkunazi_wa_Uani
Mti_Mkavu umeandika vizuri ila umesema "wanachama", na hapo ndipo penye uzito. Mwanzoni Modern Woodmen walipokea wanaume Wazungu tu, tena kutoka yale majimbo 12 waliyoyahesabu kuwa na afya kuliko mengine, watu wa miji mikubwa hapana, mchimba madini hapana, anayeuza pombe hapana, mpaka mchezaji wa besiboli wa kulipwa hapana. Kwa hiyo udugu ulikuwa na uzio. Mimi sikatai pankeki ya leo, ila nikisikia "vyama vya kindugu" nauliza ndugu wa nani?

#12 Mama_Pacha_RVA
Mkunazi ndiyo maana watu weusi walijenga vya kwao, na mimi nimesubiri uzi kama huu siku nyingi.

Niko Richmond, Virginia. Hapa kuna nyumba ya Maggie Lena Walker, imehifadhiwa na serikali, nimekwenda na wanangu mara tatu. Mama yake alikuwa anafua nguo za watu. Chama chake ni Independent Order of St. Luke, kilianzishwa Baltimore 1867 na mwanamke pia, Mary Prout, kwa ajili ya kuuguzana na kuzikana. Walker alipochukua ukatibu mkuu 1899 chama kilikuwa kinakufa, kwenye kasha mlikuwa na dola 31 na senti 61, na bili za mia nne hazijalipwa. Mwaka 1901 akasimama mbele ya mkutano mkuu wao, mwezi wa nane, akawaambia tunahitaji benki, tunahitaji gazeti, tunahitaji duka, tukusanye hela zetu tuzitumie wenyewe. Gazeti likatoka 1902. Benki ikafunguliwa 1903, inaitwa St. Luke Penny Savings Bank, senti kwa senti, watoto walikuwa wanaweka akiba pale. Duka 1905, hilo halikudumu, wafanyabiashara weupe walilipiga vita.

Sasa kama kuna anayedhani mkutano mkuu ni kwenda kula hotelini tu, afikirie tena. Benki ile ilitokana na hotuba iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa watu wengi wao wakiwa mama wa kufua.

#13 Dada_wa_Toronto
Naongezea kwa Mama Pacha. Huku Canada kuna Independent Order of Foresters. Hao nao kanuni yao ilisema Wazungu tu, na aliyewaongoza toka 1881 mpaka 1907 ni daktari wa Kimohawk, mwenyeji kabisa wa ardhi hii, Oronhyatekha. Kanuni iliandikwa na bado wakamchagua yeye, tena na tena.

#14 Dereva_wa_Semi
Hapo kwa Walker nimenyamaza. Nitasimama Richmond safari ijayo inshallah.

#15 Mhasibu_Mbishi
Nyanya_Chungu turudi kwenye swali lako maana uzi unakimbia. Kuna anayeweza kuniambia kwanini msaada unakwenda kwa ASIYE mwanachama? Benki ya Walker ya wanachama, hema za Colorado za wanachama, dola ya Upchurch ya wanachama. Pankeki ya Nebraska ni ya Mkongo mgeni. Mimi bado nasema ni kodi.

#16 Mama_Pacha_RVA
Mhasibu, Philadelphia 1793. Richard Allen na Absalom Jones walikuwa wameanzisha Free African Society mwaka 1787, watu weusi wanachangishana kwa ajili ya wajane na wagonjwa wao. Homa ya manjano ikaingia mji, wenye uwezo wakakimbia, na wale wanachama wakaingia nyumba kwa nyumba kuuguza Wazungu na kuwazika. Madaktari waliwaambia kwamba mtu mweusi haugui homa hiyo, na ikawa si kweli, waliugua na walikufa. Kulikuwa na msamaha gani wa kodi 1793?

#17 Mhasibu_Mbishi
Nimekusikia. Ila huo ni mji ulio kwenye balaa. Mimi naongelea pankeki za kila mwaka zenye bajeti.

#18 Mwana_wa_Katiba
Ngoja niwape upande wa sheria za majimbo maana Mhasibu ameishia kwenye kodi. Bima Marekani inasimamiwa na majimbo, na majimbo mengi yanafuata sheria ya mfano inayofanana. Inasema chama cha namna hii lazima kiwe na uongozi wa uwakilishi: chombo cha juu ni ama mkutano wa wajumbe waliochaguliwa, ama bodi iliyochaguliwa na wanachama wenyewe. Kama ni mkutano wa wajumbe, lazima ukae angalau mara moja kila miaka minne, na wajumbe waliochaguliwa wawe na kura zisizopungua theluthi mbili. Hakuna wenye hisa. Yule mzee na aproni yake ni mwenye chama kwa maana halisi.

Na kuna upande ambao mawakala hawausemi kwa sauti. Kwenye cheti cha bima cha hawa kuna kipengele kwamba akiba ya chama ikipungua mno wanachama wanaweza kutakiwa kufidia fungu lao. Na majimbo mengi yale mafuko ya dhamana yanayookoa wateja kampuni ya bima ikianguka hayawahusu hawa. Umiliki una faida na una mzigo. Kwa hiyo dada akigongewa mlango, asome hapo kwanza.

Maelezo yangu ya msaada ni haya: ukishalazimishwa na sheria uwe na matawi yanayokutana, watu watakutana kufanya nini? Kusoma mahesabu kila mwezi? Tawi lisilo na kazi linakufa, na matawi yakifa chama kinabaki bima tupu na hapo ndipo kinapoteza hadhi yake. Kwa hiyo wanawapa kazi: nyie kusanyeni, sisi tutaongeza dola kwa dola.

#19 Kinyozi_Mstaafu
Kwenye karatasi ni sawa, ila niliwahi kukaa jirani na tawi lenye wanachama zaidi ya 300 kwenye daftari na kikaoni wanakuja 11. Hao 11 ndio wanachagua mjumbe. Wengine wanajua wana bima tu, hawajui wana chama.

#20 Mwana_wa_Katiba
Hilo siwezi kulibisha.

#21 Kasuku_wa_Makorora
Nimesoma wote. Mnaongea kama vile sisi pwani tuliletewa haya na Wazungu. Babu yangu Tanga alikuwa mtu wa Beni, upande wa Marini. Vijana hamjui Beni: ngoma ya bendi, matarumbeta, gwaride, vyeo vyote mnavyovijua, wana mfalme wao, wana admirali, wana daktari. Ilianzia Mombasa na Lamu miaka ya mwisho ya 1800, vita ya 1914 ikaichukua na askari na wapagazi mpaka bara huko. Kila mji Marini upande huu, Arinoti upande ule, mashindano ya nani kavaa, nani kalisha watu.

Lakini ile ngoma ilikuwa mlango tu. Babu alikuwa anasema ukishuka mji mgeni huna mtu, unauliza Marini wako wapi, unalala kwao, ukiugua wanakuuguza, ukifa wanakuosha na kukuzika. Hawajakuona maishani mwao. Na kuna mwaka, alikuwa anarudia sana hii, walimzika mtu wa Arinoti ambaye wenzake hawakuwa mjini, wakampigia na ngoma yake siyo ya kwao. Watu wa Tanga waliiongelea hiyo. Kwa nini walifanya? Babu alijibu neno moja tu, aibu. Alikuwa na maana maiti ikilala mjini mwenu bila mtu aibu ni ya mji mzima.

Kwa hiyo Mhasibu weka na hiyo kwenye orodha yako.

#22 Mhasibu_Mbishi
Aibu kama sababu ya kiuchumi. Nimeiweka, na siwezi kuipigia hesabu.

#23 Wuod_Nam
Kasuku hiyo ya kumpigia ngoma yake siyo yenu imenitoa jasho la macho.

#24 Shangazi_wa_Vikoba
Naona hamjataja vikoba. Kikundi chetu Kimara kina hisa na kina mfuko wa jamii pembeni, kila wiki elfu moja ya jamii haiguswi na mikopo. Mfuko huo ni wa msiba na ugonjwa wa mwanachama. Mwaka juzi mtoto wa mama anayeuza mchicha getini alivunjika mguu, si mwanachama, tukajadili masaa mawili. Katiba inasema mwanachama. Mmoja akasema tukianza kumpa wa nje kesho atakuja kila mtu. Mwingine akasema huyu mama tunapita kwake kila siku. Tukapiga kura ikashindwa kwa kura mbili, halafu baada ya kikao wale wale waliokataa wakatoa mfukoni mwao, zikapita zaidi ya tulizokuwa tunagombania. Nimewaza sana kuhusu kikao kile. Sasa hivi vikundi vinasajiliwa daraja la nne kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, katiba zinapitiwa, nataka tuingize kipengele cha wa nje ila sijui kiandikweje kisiue mfuko. Hiyo ya makao makuu kuongeza dola kwa dola wanawekaje kikomo?

#25 Mti_Mkavu
Shangazi kwa wale ninaowajua tawi linaomba kabla ya shughuli, linaandika nani anasaidiwa na kwanini, na makao makuu wana kiwango cha juu kwa kila tawi kwa mwaka. Hela za nyongeza zinatoka kwenye ziada ya chama, siyo kwenye akiba ya mafao. Hapo ndipo penye ulinzi, mfuko wa kifo haugusani na mfuko wa pankeki.

#26 Shangazi_wa_Vikoba
Asante sana. Hicho ndicho nilikuwa natafuta. Mifuko mitatu basi badala ya miwili.

#27 MtuWaUvira
Ndugu zangu habari. Mimi ni wa Uvira, nilikaa Nyarugusu miaka kumi na nne, sasa niko hapa Nebraska. Hiyo familia naifahamu. Nyanya_Chungu, dada, asante kwa moyo wako, na nakushukuru hukutaja ugonjwa wenyewe wala jina, naomba na wengine wasiulize maana sisi hapa ni wachache tunajulikana.

Nyinyi mnatafuta sababu ya wale wazee kutoa. Mimi niseme ya upande wa kupokea. Kule kambini tulikuwa na likelemba, yaani kuchangishana hela na kupeana kwa zamu, na mtu akifa kila nyumba inatoa kikombe cha unga. Unga wenyewe ni wa mgao, hautoshi. Tulipofika hapa tukaona Wazungu kila mmoja na gari lake na mlango wake umefungwa, tukafikiri hawa hawana hiyo kitu. Siku ile ya pankeki baba wa mtoto alinipigia usiku, hakusema habari ya hela. Alisema "walijua jina la mtoto." Yule mama aliyesimama alilitamka vizuri, alikuwa amejifunza kulitamka.

Baba sasa anataka kuingia tawi, lakini mwenye kuandikisha alimwambia lazima ununue bima kwanza. Na hela ya bima kila mwezi kwa sasa hana. Hii nayo mniambie ni udugu au ni biashara, mimi sijui.

#28 Dereva_wa_Semi
Si nilisema.

#29 Mwana_wa_Katiba
Dereva pole pole. MtuWaUvira, kwenye vyama vingi mwanachama kamili mwenye kura ni mwenye cheti cha bima au akiba yao, ila vingine vina uanachama wa kijamii wa ada ndogo, anashiriki tawini bila kupiga kura ya bima. Aulize kwa jina hilo. Na kusaidia jikoni hakuhitaji cheti chochote.

#30 BibiWaKibarazani
Mwambie mwanangu aende akageuze pankeki hata bila cheti. Wakishamzoea fomu itapatikana.

#31 Mkunazi_wa_Uani
Bibi, hapo ndipo uzio wangu unaporudi. Kupokewa jikoni na kupokewa kwenye kura ni vitu viwili.

#32 BibiWaKibarazani
Ni viwili kweli. Na mimi nimeanzia jikoni kila mahali nilipofika.

#33 Nyanya_Chungu
Wakuu nimerudi, nilikuwa zamu ya usiku. Nimesoma yote nikiwa kwenye basi, nimepitiliza kituo. Asanteni sana, MtuWaUvira umenifanya nilie mara ya pili wiki hii.

Nilimuuliza mzee jana, nikamwambia watu wangu wanabishana kwanini mnatoa. Akafikiri muda mrefu, huyu si mwepesi wa kuongea. Akasema mama yake alilipwa bima ya baba yake mwaka ambao baba alikufa shambani, na watu wa tawi walikuja kuvuna mahindi siku moja wakamaliza yote, na miongoni mwao kulikuwa na wawili hawakuwa wanachama wala hakuwajua, mpaka leo hajui walikuwa nani. Hakuongeza kitu. Akaniuliza kama watoto walipenda pankeki.

Kikao kijacho ni Jumanne ya pili ya mwezi, mjumbe anarudi na taarifa ya mkutano mkuu na wageni wanaruhusiwa. Naenda. Nitauliza habari ya huo uanachama wa ada ndogo kwa ajili ya yule baba, na swali la Shangazi la kikomo, na la Kinyozi la watu 11. Mwenye lingine aweke hapa kabla ya Jumanne.

#34 Mhasibu_Mbishi
Uliza asilimia ngapi ya matumizi inaenda kwenye misaada. Uliza kwa adabu.

#35 Kasuku_wa_Makorora
Uliza kama wana ngoma.

#36 Mama_Pacha_RVA
Na wewe usiende mikono mitupu, peleka vitumbua. Unga wa mchele loweka tokea Jumatatu usiku.

#37 Nyanya_Chungu
Chuma cha vitumbua nilikiacha Mwanza. Kuna mwenye cha kuniazima aliye karibu na Lincoln au Omaha?

#38 MtuWaUvira
Mke wangu anacho. Nitakuletea Jumatatu.